Nilimjibia Mama kwa Daktari

Mshauri wetu, shikamoo. Naomba unishike mkono kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa nimepanga kufanya jambo na sijui kama ni la kumwokoa mama yangu au la kummaliza. Mwandiko wangu uuvumilie, shule niliiacha mapema, na barua hii naiandikia juu ya meza ya kupigia pasi wakati wenzangu wamekwenda kula. Kazi yangu ni kunyoosha mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, na hapa ndipo tunaposoma ukurasa wako wa gazetini, mmoja anasoma kwa sauti na sisi wengine tunakubishia.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike, ndiyo kwanza anashikashika ukuta ajaribu kusimama. Baba yake simlaumu, ni mtu mwema, yuko mbali kwenye ujenzi wa barabara na hurudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumbani tuko watatu, mimi, mtoto na mama yangu mzazi, vyumba viwili na kibaraza ambacho mama ameweka cherehani yake. Mama ni fundi wa sare za shule, na si kwa kujisifu, shati la mama kola yake inasimama yenyewe kama imekula kiapo. Nikienda kazini mtoto namwachia yeye, anamlaza kwenye mkeka pembeni, anakanyaga cherehani huku anamwimbia, na cherehani ikinyamaza mtoto analia, hajui usingizi wa namna nyingine.

Sasa nikuambie la ndani. Zamani mama yangu alikuwa anakunywa. Sisemi glasi moja ya harusini, nasema kunywa. Mimi na kaka yangu tulikuwa tunaijua siku kwa kusikiliza cherehani, ikilia asubuhi tunajua leo tuna mama, ikiwa imefunikwa kitambaa tunajua leo tujipikie wenyewe. Aliacha kabla sijapata mtoto, kwa msaada wa kikundi cha watu walioacha, wanakutana Jumamosi kwenye ukumbi mdogo nyuma ya shule, na aliyembeba hasa ni msusi mmoja tunayemwita Bi Sukari, kwa sababu tangu aache pombe anaweka sukari kwenye chai mpaka kijiko kinasimama wima. Mama aliacha akaacha kweli. Na sisi nyumbani tukakubaliana bila hata kikao kwamba neno lile halitajwi tena, tukilazimika tunasema "wakati ule" basi. Mzazi wako humvui nguo mbele za watu, ndivyo tulivyolelewa, na nadhani hapo ndipo nilipojikwaa.

Mama mkubwa, dada yake mama, alifariki ghafla, aliaga vizuri anakwenda dukani hakurudi. Walikuwa chanda na pete. Baada ya mazishi mama akaanza kupatwa na kitu, yuko anashona zake mara moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, mikono inakufa ganzi, anasema nakufa, njoo umchukue mtoto. Nikampeleka zahanati. Daktari ni kijana, mpole, akampima akasema moyo ni mzima, huu ni wasiwasi uliozidi, umetokana na msiba, na unatibika. Akauliza maswali mengi, analala saa ngapi, anakula nini, halafu akauliza, "Mama, umewahi kutumia pombe sana, au kitu chochote cha kulevya?"

Mama akatazama mikono yake. Mshauri, daktari yule ni rika langu, na mimi kumwona mama yangu anainamishwa kichwa mbele ya kijana sikuweza, nikadakia, "Hapana, daktari. Mama yangu hajui hata harufu yake." Mama akanibana mkono chini ya meza, akaubana kweli. Nikajua ananishukuru.

Tukapewa vidonge vya kutuliza, vya muda mfupi tu, daktari akasema vikiisha turudi tuzungumze upya. Na nisiseme uongo tena, vilifanya kazi kama muujiza. Mama alilala. Mama alicheka. Akamaliza sare zote zilizokuwa zimelala, akanishonea na mimi gauni, nikawaambia wenzangu kazini kwamba mama yangu amerudishwa. Vilipoisha hatukurudi kwa daktari, kwa nini turudi wakati mgonjwa mzima, mama akaenda na kibahasha kitupu kwenye duka la dawa wakamjazia, kisha wakamjazia tena, halafu nikaja kugundua ameenda na zahanati nyingine peke yake akaandikiwa vilevile. Kimoja kikawa hakitoshi. Na Jumamosi akaacha kwenda kikundini. Nilipomuuliza alinijibu kwa utani, eti kule wanakwenda walevi, yeye sasa ni mgonjwa mwenye cheti. Nilicheka, Mungu anisamehe.

Kazi yake ndiyo iliyoanza kusema. Mzazi mmoja alirudisha shati akamuuliza mama kama amesikia mtoto wake ana mikono miwili ya kushoto, maana mikono yote miwili ya shati ilikuwa ya upande mmoja. Kibaraza kizima kikacheka na mama akacheka, lakini mimi niliishika ile mishono nikaona inavyokwenda kama njia ya ng'ombe, nikaacha kucheka, kwa sababu mishono hiyo nilikuwa naijua. Ni ya wakati ule.

Halafu ikaja siku mashine ya kufulia ilipoharibika kazini tukaruhusiwa mapema. Nakaribia nyumbani sisikii cherehani, na mtoto halii. Mama amelala juu ya cherehani, shavu limelalia kitambaa, sindano imesimama karibu na nywele zake. Mtoto yuko chini na kopo la vifungo amelimwaga lote, mdomoni ana kitu. Nilitia kidole nikakitoa, kilikuwa kifungo cha shati. Nikaanza kuokota vifungo vile, vyeupe vidogo, ndipo nikaona vingine havina matundu. Mshauri, mama anaficha vidonge vyake kwenye kopo la vifungo. Vinafanana, vyote vyeupe, vyote vidogo, na mwanangu alikuwa amekaa katikati yake anachagua.

Nilimwamsha mama, akaamka polepole, ulimi mzito, na sauti ile ile. Nadhani aliona uso wangu. Akasema, "Sijanywa, mwanangu. Ninuse." Akanisogezea uso akanipumulia, kama tulivyokuwa tunamfanyia sisi tukiwa watoto tukisingiziwa tumeiba sukari. Nikamnusa. Hakuwa na harufu yoyote. Nikamkumbatia mtoto, mimi nikalia, yeye akalia, mtoto akaona tunalia na yeye akalia.

Kaka yangu nilipompigia alisema nimwache mama, kwani nilitaka nini, arudi mtaroni? Afadhali mama anayesinzia kuliko mama anayeyumba, hayo ndiyo maneno yake. Bi Sukari yeye alikuja mwenyewe, hajakaa wala kunywa chai akaniambia sumu haipunguzwi, inamwagwa, na yeye pombe yake aliimwaga kwa mkono wake. Tukapanga. Ijumaa ni mapumziko yangu. Yeye atamwita mama nyumbani kwake wapige soga, mimi nitavimwaga vyote chooni niweke vitamini vyeupe mahali pake, mama asijue, mpaka mwili usahau.

Lakini kuna jambo linanizuia. Wiki iliyopita duka la dawa lilifungwa kwa msiba, mama akakosa vidonge, na alitetemeka akashindwa kutunga uzi kwenye sindano, fulana ikalowa jasho, akaniambia ukuta unatembea. Alipovipata akatulia. Bi Sukari anasema huo ndio uchafu unatoka, nivumilie.

Naogopa kurudi kwa daktari, ataniona mwongo na atamwona mama mlevi, na mama ataona nimemuuza. Naogopa kumwondoa mtoto kwake, mtoto huyu ndiye aliyemfanya mama abaki mtu mpya, nikimnyang'anya nitakuwa nimemrudisha mwenyewe kule alikotoka. Na kazi nikiacha tutakula nini. Lakini mshauri, mimi sijakata tamaa hata kidogo. Mama alipona mara ya kwanza wakati watu wote wameshamzika mdomoni, na atapona tena, nataka tu uniambie nianzie wapi, mimi nitafanya. Jina la dawa nimelinakili nyuma ya karatasi, pamoja na namba yangu ya simu.

Ni mimi, Binti wa Fundi.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Ijumaa usimwage kitu.

Sentensi hiyo ulishaisikia kwenye simu tulipokupigia, kwa sababu gazeti lingekufikia umechelewa. Hapa nakueleza kwa nini, wewe na wengine wote wenye kopo kama hilo nyumbani. Jina la dawa nimelisoma na nimemwonyesha daktari ninayeulizana naye mambo ya namna hii. Silichapishi, wasije wengine wakalikata na kulipeleka dukani.

Mtetemeko ule na ukuta uliotembea si uchafu unaotoka. Mwili wa mama umeshaizoea dawa, na mwili uliozoea dawa ya aina hii ukinyang'anywa ghafla unaweza kupatwa na degedege, unaweza kuchanganyikiwa, na watu wamekufa kwa hilo. Dawa hii inaondolewa kwa ngazi, kidogo kidogo, kwa wiki nyingi na pengine miezi, na anayepanga ngazi ni daktari. Mwambie Bi Sukari nampa heshima zake zote, ila alisema kitu asichokijua. Hata pombe, kwa mnywaji mkubwa, kuiacha ghafla bila daktari kuna hatari hiyo hiyo. Yeye alimwaga ya kwake akapona, tumshukuru Mungu, lakini bahati ya jirani si dawa.

Na vile vitamini? Mama yako amedanganywa na mwili wake, akadanganywa na utulivu wa siku za mwanzo. Usimwongezee uongo wa mtoto wake.

Sasa nikugombeze kidogo, halafu tuendelee. Ulipodakia swali la daktari ulifanya kwa mapenzi, na mapenzi hayo nayaona. Lakini daktari hakuuliza ili amhukumu mama. Aliuliza kwa sababu pombe na vidonge hivi vinabisha hodi kwenye mlango mmoja kichwani. Mtu ambaye mlango huo ulishawahi kuvunjwa, hata akiujenga upya, bawaba zake haziwi ngumu kama za mwingine. Ndiyo maana kimoja kiliacha kutosha upesi hivyo. Daktari angeambiwa, pengine angechagua dawa nyingine ya wasiwasi isiyozoesha mwili, au angempeleka kwa mtu wa kuzungumza naye juu ya dada yake, au angempa hivi hivi lakini vichache, kwa kumfuatilia. Mlimfunga macho, naye akatembea gizani.

Lawama si yako peke yako. Daktari alimuuliza mtu mzima jambo la aibu mbele ya mtoto wake, alipaswa kukuomba utoke nje kidogo. Duka lililojaza kibahasha kitupu mara baada ya mara lina kosa kubwa kuliko lako. Na kaka yako mwambie hivi: mama anayesinzia na mama anayeyumba ni mama mmoja, na akichanganya vidonge hivi na pombe siku moja tu, anaweza kulala na pumzi ikasimama. Hakuna afadhali hapo.

Mama alikuambia umnuse. Hakukudanganya, mwanangu, na usimwite mlevi wala usiruhusu mtu amwite hivyo. Aliumwa hofu, akatafuta tiba, akafuata alichoandikiwa mpaka kikamshika. Mtu aliyewahi kulewa ana haki ya kutibiwa hofu yake kama mtu mwingine yeyote. Anachohitaji ni tiba inayojua alikotoka.

Haya, uliomba pa kuanzia, na hapa nayarudia yale yale niliyokuambia kwenye simu. Anza na mtoto, leo kabla hujalala. Vidonge vitoke kwenye kopo la vifungo viende mahali pa juu penye kufuli, na ufanye hivyo mama akiona, kwa kumweleza. Vifungo navyo viwekwe juu, mtoto anayejifunza kusimama hachagui. Na mpaka daktari aseme vingine, mtoto asibaki na bibi yake peke yao. Hapa sitakubembeleza. Lakini humnyang'anyi mtu mtoto kwa kuongeza mtu mzima kibarazani. Ongea na msimamizi wako ubadilishiwe zamu, muombe Bi Sukari aje akae hapo saa za mchana wateja wake wakiwa wachache, anayetaka kumwaga sumu aanze na kumwaga jasho. Mtoto ataendelea kulala kwa wimbo ule ule. Mwambie mama waziwazi: dawa hii inaleta usingizi, usingizi haujui kama kuna mtoto mkekani. Atakasirika. Mvumilie, alikuvumilia wewe.

Kisha rudini kwa daktari yule yule, wiki hii, usisubiri Ijumaa kama unaweza kupewa ruhusa kazini. Unaogopa atakuona mwongo. Na akuone. Madaktari wanadanganywa kila siku, na wanaorudi kusema ukweli ni wachache kuliko unavyofikiri, atafurahi kukuona. Bebeni vyote, vya duka na vya zahanati ya pili, vikiwa kwenye vibahasha vyake, ajue kiasi gani hasa kinaingia mwilini. Kuanzia hapo mwandikaji awe mmoja na duka liwe moja. Mpaka siku hiyo mama aendelee kama anavyomeza sasa, asiongeze, asiruke, na asiguse pombe wala dawa nyingine ya usingizi. Ukimkuta anapumua taratibu mno au haamki ukimwita, au akipatwa na degedege, au akianza kuongea na watu wasiokuwepo, usinipigie mimi wala kaka yako. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na ukifika useme kila kitu alichomeza.

Jumamosi arudi ukumbini, na kabla hajarudi Bi Sukari awaandae wenzake. Mtu anayepunguza dawa kwa ngazi ya daktari asiambiwe bado hajaacha. Huko ndiko wanakopotea wengi, wanakimbia ulimi wa wenzao kabla hata hawajaikimbia dawa. Na msiba wa mama mkubwa mnao bado humo ndani, mmeufunika kitambaa kama cherehani. Ufunueni. Mtajeni, mcheke mambo yake, mlie. Nusu ya ile hofu ni dada aliyeaga anakwenda dukani.

Umesema nyumbani mlikubaliana neno lile lisitajwe. Nalielewa, hata kwetu yapo maneno ya hivyo. Ila neno lisilotajwa nyumbani ndilo lililowaponza mlipofika kwa daktari. Mama yako aliweza kulitamka kila Jumamosi mbele ya ukumbi mzima na akapona kwa kulitamka. Ni ninyi wanawe mliokuwa hamuwezi kulisikia.

Na kuna kitu kimoja kwenye barua yako nimekirudia kusoma. Unasema chini ya meza alikubana mkono, ukajua anakushukuru. Mimi sikuwepo. Lakini mtu anayeshukuru hubana kidogo akaachia, na wewe umeandika aliubana kweli. Muulize. Nadhani alikuwa na jibu lake mdomoni, na wewe ukamtangulia.

Kwa hiyo mkifika kwa daktari, kaa kiti cha nyuma. Swali lile litaulizwa tena. Mama akitazama mikono yake, mwache aitazame. Ukimya ukiwa mrefu, uache urefuke. Na akikubana mkono tena, mwanangu, wewe mbane na wako, unyamaze, umsikilize mama yako akijibu.